Bunduki Katika Masika: Kutoka Brussels 1890 hadi Moshi 1915

Kila ninapofundisha mada ya uvamizi wa kikoloni, swali la kwanza la wanafunzi huwa lilelile: kwa nini tulishindwa? Jibu wanalolitarajia ni lile walilolibeba kutoka sekondari, kwamba wao walikuwa na bunduki na sisi tulikuwa na mikuki. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Kufikia robo ya mwisho ya karne ya 19 bunduki zilikuwa zimeenea bara kwa wingi. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga wenye bunduki. Wayao walikuwa nazo. Wahehe waliteka bunduki mia kadhaa pale Lugalo mwezi Agosti 1891, walipokiangamiza kikosi cha Zelewski, tena wakitumia mikuki zaidi kuliko risasi. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni bunduki ya namna gani ilikuwa mikononi mwa nani, na iliweza kufanya nini mvua ikinyesha.

Naomba msomaji anivumilie kwa maelezo machache ya kiufundi, kwa maana siasa yenyewe imo humo.

Bunduki iliyokuwa mikononi mwa Waafrika wengi ilikuwa gobori. Hushindiliwa kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti ndani ya mtutu, huweka tambara au nyuzi za gome la mti, hutia gololi au marisaa, kisha hushindilia kwa mdeki. Baada ya hapo bado hajamaliza. Kama ni gumegume, hutia baruti kidogo katika kisahani kilicho pembeni, mahali ambapo jiwe litapiga chuma na kutoa cheche. Kama ni ya fataki, huvisha kifuniko kidogo cha fataki juu ya kinundu kilichotobolewa. Sasa hebu tuiweke bunduki hiyo katika mvua ya Aprili. Maji huingia kwa mdomoni. Kisahani hulowa na cheche hufia hewani. Hata mvua isiponyesha, baruti nyeusi iliyotengenezwa kwa shura, makaa na salfa hunyonya unyevu wa hewa, hasa ikiwa shura haikusafishwa vizuri. Masizi yanayobaki ndani ya mtutu baada ya kila mlio nayo huvuta unyevu, yakageuka tope jeusi linalokwamisha mdeki na kuzaa kutu usiku uleule.

Kwa hiyo kuandaa gobori wakati wa masika ilikuwa kazi ya kudumu, na mtu aliyetoka asubuhi na bunduki yenye mtambo mkavu alikuwa ameihangaikia tangu usiku. Baruti huhifadhiwa katika pembe au kibuyu chenye kizibo kilichobana. Mdomo wa mtutu huzibwa na mtambo hufunikwa kwa ngozi iliyopakwa mafuta. Bunduki iliyokwisha kushindiliwa jana haiaminiki leo: huna budi kuifyatua au kuitoa shehena yake, kuosha mtutu, kuukausha, kuupaka mafuta, na kuanza upya. Na baada ya kazi yote hiyo, mtutu usio na mifuo ndani yake hautupi gololi kwa usahihi zaidi ya hatua chache kadhaa. Neno shabaha hapa lina maana nyembamba sana.

Bunduki mpya za Ulaya zilikuwa zimelitatua tatizo hili. Risasi ya ganda la shaba hukusanya fataki, baruti na kichwa cha risasi ndani ya chombo kimoja kilichozibwa. Hutiwa kwa nyuma, ndani ya chemba iliyofungwa na komeo. Mvua inaweza kumlowesha mpigaji hadi mifupani na bado risasi ikawaka. Tofauti kati ya gobori na bunduki hii haikuwa ya kasi na umbali peke yake. Mmoja alipigana mwaka mzima, na mwingine aliiomba mbingu ruhusa.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 hukumbukwa, na ni haki ukumbukwe, kama mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake kuna vifungu kuhusu silaha ambavyo husomwa kwa haraka na kupitwa. Mataifa yaliyotia saini yalikubaliana kuzuia uingizaji wa bunduki, hasa zile zenye mifuo na zilizoboreshwa, katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Nini kiliruhusiwa kuendelea kuuzwa? Gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyima silaha wawindaji wa watumwa, na sina shaka kwamba baadhi ya waliokaa mezani waliiamini. Lakini ukiusoma mkataba huo ukiwa umeyaelewa maelezo niliyoyatoa hapo juu, utaona ulichokifanya: uliandika katika sheria ya kimataifa kwamba Mwafrika ataruhusiwa bunduki ambayo mvua inaweza kuizima. Askari wa dola ya kikoloni hakuguswa na katazo hilo.

Miaka 15 baadaye, mwezi Julai 1905, Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Historia yake ninaamini msomaji anaijua, nami sitairudia. Ninataka kugusa jambo moja tu. Dawa iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe iliahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tumezoea kulifundisha hili kama imani iliyowapa watu wa makabila mengi umoja na ujasiri, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini nadhani tumelichukulia wazo lenyewe kuwa geni kuliko lilivyokuwa. Kwa mtu aliyekua na gobori nyumbani, maji kushinda risasi lilikuwa jambo la kila masika. Alijua kwa mikono yake kwamba maji huifanya bunduki inyamaze. Alichoambiwa ni kwamba sasa itakuwa hivyo hata kwa bunduki ya Mjerumani. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha zilikanusha. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa huko Mohoro tangu tarehe 4 ya mwezi huo. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Tuvuke sasa muongo mmoja, twende kaskazini, kwa sababu huko ndiko maji na risasi vilikutana tena kwa namna ambayo hakuna mganga aliyeiagua.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwezi Agosti 1914, jeshi la kikoloni la Wajerumani, lililojulikana kwa jina la Schutztruppe, halikuwa na silaha nzuri kama tunavyodhani. Sehemu kubwa ya kombania zake za maaskari ilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, inayotumia baruti nyeusi. Ganda lake la shaba lilihimili mvua, lakini kila mlio ulitoa wingu la moshi, na katika hewa nzito ya msituni baada ya mvua, wakati hakuna upepo, wingu hilo huning'inia palepale mpigaji alipo kama bendera ya kumwonyesha. Wakoloni walikuwa wamewapa maaskari wao silaha bora kuliko za wenyeji na duni kuliko zao wenyewe. Ngazi ilikuwa na vidato vyake.

Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapatia Wajerumani bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na risasi zaidi ya 600,000 walizoziacha Waingereza na Wahindi waliokimbilia melini. Kisha yakaja mapigano ya Jasini, mpakani kabisa na Kenya ya leo, tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani walishinda, ila waliteketeza risasi 200,000 katika siku mbili. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipiga hesabu na kuona kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana mapigano ya namna ile mara tatu tu. Pwani yote ilikuwa imezingirwa na manowari za Kiingereza.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyobandikwa jina la Kidenmaki la Kronborg ili kuwahadaa Waingereza, ilikaribia pwani ikitokea Ujerumani. Ilibeba makaa kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na pamoja nayo bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifumania na kuifuata hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga kwa mizinga. Nahodha Carl Christiansen alifanya jambo la akili: aliiachia meli maji yaingie ikae chini penye kina kifupi, na akawasha moto juu ya sitaha. Waingereza waliona moshi na miali, wakaamini kwamba shehena imeteketea, wakaondoka. Wiki zilizofuata wapiga mbizi waliitoa shehena karibu yote.

Risasi zikawa zimepatikana, ila zilikuwa zimelala ndani ya maji ya bahari.

Maji ya bahari ni adui mbaya kuliko mvua. Baruti mpya isiyotoa moshi haiyeyuki katika maji, na ikikaushwa vizuri huweza kuwaka tena. Tatizo ni chumvi. Chumvi hupenya penye kiungo cha ganda na kichwa cha risasi, hula shaba polepole, na huharibu fataki, ambayo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Zaidi ya hayo, uharibifu huo hauishi siku risasi inapotolewa baharini. Unaendelea ndani ya sanduku. Lettow-Vorbeck mwenyewe anaeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1920, kwamba risasi zisizowaka ziliongezeka kadiri siku zilivyopita, hadi ikabidi shehena nzima ifunguliwe, risasi moja baada ya nyingine.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi, mji wa reli ya Usambara uliokuwa makao ya vita vya kaskazini. Kwa miezi, asubuhi hadi jioni, maaskari, wapagazi na wanawake, yaani kila mtu aliyeweza kukamatwa kwa kazi, waliketi wakifungua risasi. Fikiria kilichohitajika. Kichwa kinang'olewa kutoka kwenye ganda bila kulipinda. Baruti inamwagwa, inasafishwa, inakaushwa. Fataki iliyooza inatolewa, na ile isiyooza haipaswi kuguswa vibaya maana ndiyo inayolipuka kwa kugongwa. Fataki nyingine zilizokuwepo nchini, za aina tofauti, zinapachikwa mahali pake. Baruti inarudishwa kwa kipimo, kichwa kinakazwa tena. Zidisha hayo kwa mamilioni. Na kumbuka kalenda: meli ilizama katikati ya Aprili, na miteremko ya Kilimanjaro hupata mvua zake kubwa kuanzia Machi hadi Mei. Kukausha mahindi Moshi katika majira hayo ni kazi, sembuse baruti, ambayo huwezi kuisogeza karibu na moto.

Muongo mmoja baada ya watu wa kusini kuahidiwa kwamba risasi za Mjerumani zitakuwa maji, risasi za Mjerumani zililoweshwa na bahari, na mikono ya Kiafrika ndiyo iliyozigeuza kuwa risasi tena. Sisemi hivi kuwalaumu waliofanya kazi ile. Neno lililotumika kueleza jinsi walivyopatikana halina harufu ya hiari.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi kama mwanahistoria. Risasi zilipangwa kwa daraja. Zile za asili zilizobaki nzima zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake, kwa kuwa rashasha ikikwama kombania nzima imekwama. Zilizofumwa upya ambazo kati ya kila 100 takriban 20 hazikuwaka zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbaya zaidi ya hapo ziliachwa kwa mazoezi ya shabaha.

Tuitafsiri asilimia hiyo kwa lugha ya askari. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 hupokea risasi 5 kwa pamoja. Ishirini kwa mia maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika kila tano moja haiwaki. Askari anavuta kifyatulio, anasikia mlio mkavu wa pini, na hapo anakabiliwa na uamuzi wa sekunde chache. Je, imekufa, au imechelewa? Fataki iliyolowa huweza kusitasita kabla ya kuwasha baruti. Anayefungua komeo haraka huweza kulipukiwa usoni. Anayengoja hubaki bila risasi mbele ya adui. Bunduki ileile ya kisasa ambayo mkataba wa Brussels uliikusudia Mzungu peke yake ilianza kuwa na tabia za gobori.

Na shabaha je? Bunduki hutengenezwa ili ipige pale kilengeo kinapoonyesha, lakini makubaliano hayo kati ya kilengeo na mtutu ni dhaifu, na unyevu huyavunja kwa njia kadhaa. Mti wa kitako na wa chini ya mtutu huvimba ukilowa, ukaukandamiza mtutu upande mmoja, na risasi zikahama. Matone ya maji au mafuta yaliyoachwa ndani ya mtutu huharibu mlio wa kwanza. Matone ya mvua yenyewe angani, tofauti na wengi wanavyodhani, hayapindishi risasi kwa kiasi cha kutajwa. Kinachoipindisha ni kile kilichotokea kabla haijatoka. Ndiyo maana bunduki iliyotoka majini hufunguliwa yote, huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa, hupakwa mafuta, kisha hupelekwa uwanjani kupimwa upya kwa risasi kadhaa juu ya karatasi moja kabla kilengeo hakijaguswa. Kanuni ya upimaji huo ni kutumia risasi za kundi lilelile zitakazotumika vitani, kwa sababu baruti yenye unyevu husukuma kwa nguvu ndogo na risasi hutua chini zaidi. Wale wa Moshi hawakuweza kuifuata kanuni hiyo. Walijifunza kulenga kwa risasi mbovu kuliko zote na kwenda kupigana na nyingine.

Kulikuwa na ugumu mwingine uliojengwa kiwandani. Kilengeo cha nyuma cha bunduki ya mwaka 1898 kilianzia mita 400. Kilikusudiwa viwanja vya Ulaya, ambako safu za askari huonana kwa mbali. Katika vichaka vya Pangani au Rufiji adui huonekana kwa mita 50, wakati mwingine pungufu, na risasi iliyolengwa kwa kilengeo cha mita 400 hupita juu. Ilibidi askari afundishwe kulenga chini ya mahali anapotaka kupiga, na bunduki yake haikuwa na alama yoyote ya kumsaidia. Nitoe jambo moja kwa mizani: risasi zisizowaka zina faida moja uwanjani. Mlio usipotokea, mwalimu huona waziwazi ni nani anayefumba macho na kuusukuma mtutu kabla ya kufyatua. Hadi leo wakufunzi huchanganya risasi bandia kwa makusudi hayohayo. Sitashangaa kama sehemu ya sifa ya utulivu waliyopata maaskari wale ilizaliwa na ubovu wa risasi za Rubens.

Miaka iliyofuata ninaipitia kwa haraka. Mwezi Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi, na shehena yake ikabebwa kichwani na wapagazi kwa mamia ya kilometa. Masika ya mwaka 1917 yalikuwa makali kupita kawaida. Bonde la Rufiji likawa ziwa, na wanajeshi wa Nijeria waliokuwa upande wa Waingereza walikaa humo kwa posho pungufu. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalimaliza karibu risasi zote za Wajerumani zisizotoa moshi. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano na kujipatia silaha upya. Waliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki 1,071 walizoziweka chini zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Vifo vya wapagazi upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufika takriban laki moja. Jina la Kariakoo, ambalo tunalitaja kila siku tukienda kununua mchele, limetokana na kambi ya kikosi chao. Katikati ya Dar es Salaam pana Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ameelekeza bunduki yake yenye singe upande wa bandari. Ni bunduki ya shaba nyeusi, haipati kutu. Sina ugomvi na sanamu hiyo. Ninauliza tu watumishi wa umma wenye dhamana ya mambo ya kale, ambao najua baadhi yao husoma ukurasa huu, kama pale Moshi pana hata kibao cha mbao kinachosema kwamba hapa watu walifungua risasi kwa miezi.

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa maaskari waliokuwa hai mishahara waliyokuwa wakiidai tangu vita. Inasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wengi hawakuwa na hati yoyote. Ofisa wa benki, kwa mujibu wa kisa hicho, akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa hiki hupendwa sana, na kila anayekisimulia hutabasamu. Lakini tuwaze mama mmoja wa Moshi, aliyekuwa msichana mwaka 1915, kama angefika pale siku ile. Angepewa ufagio, na angefagia.